Vigingi kwenye Njia ya Masako

4 Septemba 2000

Leo nimefanywa mkubwa. Papa Cyprien wa ofisi ya viwanja amenikabidhi njia. Si njia yenyewe, maana haipo. Amenikabidhi mahali itakapopita. Ni ukanda mrefu uliofyekwa katikati ya viwanja vyetu, vigingi upande huu, vigingi upande ule, upana wa lori mbili kupishana bila kutukanana. Kazi yangu ni kuangalia mtu asijenge humo wala kupanda kitu. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema nina mwandiko mzuri. Mwandiko huo niliupata kwa kunakili maneno ya magunia ya unga na magazeti ya kufungia chumvi, kwa sababu shule niliiacha mwaka wa pili. Hilo sikumwambia. Mkubwa hatoi siri zake siku ya kwanza.

Niandike basi tulivyofika huku, maana siku hizi nasahau mambo makubwa na kukumbuka madogo. Mwezi wa sita majeshi mawili ya wageni yalipigana siku sita ndani ya mji wetu wa Kisangani. Nyumba yetu, karibu na maporomoko, ilipata bomu jikoni. Hatukuwamo. Sufuria tuliikuta kwenye paa la jirani, pondu, mboga yetu ya majani ya mihogo, ikiwa bado ndani, na jirani akatuomba tuionje kwanza sisi. Baadaye wakubwa wa sasa wakasema waliopoteza nyumba wapewe viwanja ng'ambo ya mto Tshopo, kwenye njia ya zamani ya Masako iliyomezwa na majani, mbali na mji. Tukaja: mimi, papa yangu mzazi Isaïe na mashini yangu ya kushona. Mume wangu alishuka mto na pirogi, mtumbwi wetu, hadi Isangi kutafuta mchele, mwaka wa kwanza wa vita. Isangi haijajibu.

5 Septemba

Mvua.

9 Septemba

Nimeshona siku nzima. Kwa atakayesoma hii akiwa mbali: toleka ni baiskeli ya kubeba mtu nyuma. Tangu mafuta yapotee, ndiyo basi letu, ndiyo lori, ndiyo gari la wagonjwa. Mimi nashona vigodoro vya kukalia abiria. Sponji natoa katika magodoro ya nyumba zilizobomoka, kwa hiyo watu wa mji huu wanatembea wamekalia vitanda vya wenzao. Hakuna aliyelalamika.

Célestin, mteja wangu wa tangu zamani, alikuja kubadilishiwa kitambaa. Ni kijana mrefu anayeongea na baiskeli yake kuliko na watu. Alinieleza kwamba chama chao kimekumbushana sheria. Toleka inabeba mgonjwa, inabeba mbuzi, inabeba hata jeneza likiwa tupu. Maiti haibebi. Baiskeli iliyobeba maiti abiria hawaipandi tena; wanaijua hata ukiipaka rangi.

14 Septemba

Kikao cha kamati ya njia yetu. Ofisi ya viwanja na ofisi ya njia ziko katika jengo moja, mlango kwa mlango. Katikati kuna ukumbi ambao bomu limetoboa paa lake, kwa hiyo mvua ikinyesha lazima uzunguke nje kutoka mlango mmoja kwenda wa pili. Nadhani ndiyo sababu hawaongei. Tulikaa kwa Papa Hubert wa ofisi ya njia. Papa Cyprien alikuja na kiti chake mwenyewe.

Papa Cyprien akaeleza kwamba ametoa viwanja huku kwa sababu kwenye mchoro wa Papa Hubert kuna njia. Papa Hubert akakubali kwamba njia imechorwa, ila kilalo cha kuvukia kijito hawezi kukijenga mahali pasipo na wakazi.

"Batu beko kule tayari," nikasema.

"Donc mulienda mbele ya njia," akasema Papa Hubert, kama mtu aliyekuta mgeni ameshaanza kula. "Mama, haifanyikake vile. Kwanza njia, kisha batu."

"Bomu haikuuliza," akasema Papa Cyprien.

Wakacheka pamoja, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka huu. Kisha nikauliza toleka zitapita wapi. Papa Hubert akatazama mchoro wake kwa muda. Kwenye mchoro kuna vituo vya mabasi. Mjini hakuna basi hata moja linalotembea. Toleka, ambazo ndizo zilizotuleta sote kwenye kikao, hazimo.

Mvua ikaanza, kikao kikafungwa. Papa Cyprien alitoka na kiti chake kichwani.

17 Septemba, Jumapili

Papa hakwenda misa. Alikaa mlangoni akiutazama ukanda wangu wa vigingi. Yeye ni mtu wa maporomoko. Maisha yake yote alifunga miti katikati ya maji yanayokimbia na kuning'iniza mitego ya samaki, kama baba yake. Huku maji anayoyaona ni ya ndoo. Hata kukohoa kwake kumebadilika. Zamani alikohoa kwa nguvu ili asikike juu ya maji, sasa anakohoa polepole, kama mgeni.

Aliniita. "Mama," akasema, kwa sababu ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "hii njia unalinda, itafika mujini?"

Nikasema itafika.

"Bon. Siku nitakufa, unipitishe humo. Unirudishe kwetu, kule maporomoko, karibu na baba yangu. Usiniache hapa na batu ya mihogo."

Nikamwambia nitamrudisha. Ni neno jepesi kulitoa mtu akiwa bado ameshika kikombe cha chai.

18 Septemba

Nimenyoosha vigingi vyote. Vitatu vilikuwa vimegeuzwa kuni.

26 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Kijito kilichoko kati yetu na mji watu wanakiita Duane, yaani forodha, kwa sababu kila anayepita kinamtoza kitu. Mimi kimenitoza kiatu kimoja. Kilalo chake ni magogo matatu. Toleka hapo zinabebwa begani, abiria anafuata nyuma kama mkwe. Mvua ikiwa kubwa magogo yanakwenda kutembea na vijana wanayatafuta chini kwenye majani. Hapo hakuna wa kutoka wala wa kuingia mpaka Duane ashibe.

Na upande wetu huu, kabla ya kufika kijitoni, askari wameweka kizuizi chao. Sijui wanazuia nini. Labda wanazuia kijito.

8 Oktoba

Siku hii niiandike vizuri.

Jirani yangu Kyakimwa ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo, upande wa Kivu. Duka lake mjini liliungua mwezi wa sita. Sasa anauza chumvi kwa kijiko na sabuni kwa kipande, na bado anaweka kitambaa cheupe mezani kana kwamba ana duka. Kiwanja chake kinatazamana na changu, ukanda uko katikati. Mtoto wake mdogo alishikwa na homa Alhamisi. Ijumaa Duane ilijaa. Jumamosi mtoto akafa.

Leo asubuhi nilikuta udongo umeinuka ndani ya njia. Kidogo tu, urefu wa mtoto, na kikombe cha plastiki juu yake.

Nilikwenda kwake. Mkubwa lazima aende. Nikamwambia, kwa maneno ya Papa Cyprien, kwamba mahali pale pamewekwa akiba kwa ajili ya njia.

Alikuwa anafua kitambaa chake cheupe. Hakuinua uso. "Ningemuweka wapi, dada? Makaburi iko mujini. Toleka habebake mufu. Kiwanja yangu, nyumba na choo na jiko, imeisha. Mu kiwanja yenyewe banakataza kuzika."

"Njia itapita pale, Kyakimwa."

"Ingekuwa ilishapita," akasema, "mutoto angefika hopitali."

Nikarudi nyumbani, nikashona kigodoro, nikakifumua, nikakishona tena.

9 Oktoba

Papa Cyprien ameletewa habari. Jibu lake: kaburi moja haliwezi kuondolewa, mila ni mila, lakini lisiwepo la pili. Nimeandika kwa mkaa kwenye ubao, HAPA NI NJIA, nikausimamisha. Kuku wa Kyakimwa wamelala juu yake.

15 Oktoba

Lipo la pili.

21 Oktoba

Na la tatu. Wanazika kwa kufuata mstari wa vigingi, miguu upande mmoja, nafasi sawasawa. Wanapanga kuliko ofisi. Ni kweli hakuna mahali pengine: kila kipande cha ardhi hapa kina mwenyewe isipokuwa njia, na njia haina mwenyewe ila mimi.

30 Oktoba

Papa Jafari, mzee anayenoa mapanga huku kwetu, alikuja mchana na watu wake, wamembeba mke wake ndani ya mkeka. Nilisimama mbele ya ubao wangu, nikanyoosha mikono kama kizuizi. Nilisema makaburi yakiongezeka njia itafutwa, na njia ikifutwa tutabaki upande huu wa Duane maisha yetu yote, wazima na wafu. Nilisema vizuri. Nilikuwa ninamfikiria papa yangu na maporomoko yake, hilo sikulisema.

Papa Jafari alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mama," akasema. Wakageuka, wakaenda naye porini, upande wa Masako.

Mvua ilinyesha baada ya hapo. Nilikula vizuri. Naliandika hilo kwa sababu lilinishangaza.

3 Novemba

Papa Jafari hanisalimii. Kyakimwa hanisalimii. Nimeokoa mate mengi.

11 Novemba

Kikao hakikuwepo, ukumbi umejaa maji. Lakini Célestin amesikia mjini kwamba mission ya mapadri imeahidi mbao ngumu za kilalo, mradi njia iwe wazi. Nilimweleza papa. Amelala sasa kutwa nzima, kikohozi kimeshuka chini sana. Akauliza mbao za mti gani. Nikasema sijui. Akasema kwamba kama si mti wa maji, ule usiooza, wasijisumbue.

19 Novemba

Hali ya papa ni chati, yaani mbaya. Hayo ni maneno ya Célestin, hata sijui ameyatoa wapi. Alimtazama papa, akavua kofia, akaivaa tena haraka.

22 Novemba

Papa amekufa jana kabla ya jua kuchomoza. Nilikuwa nachemsha maji. Nikaendelea kuyachemsha kwa sababu yalikuwa yamekaribia.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi lakini asubuhi ilikatika. Célestin alikuja. Sikumwomba. Alisimama mlangoni ameshika baiskeli, akatazama chini, akasema, "Mama, mi sibebake mufu. Lakini tonton, papa yako, hajafa mu baiskeli yangu. Anasafiri tu."

"Na chama chenu?"

"Chama hakiamukake asubuhi."

Tulimvalisha papa koti na kofia yake ya majani. Nilifunga kigodoro kipya, kile chenye mgongo, nilichokuwa namshonea mtu wa sokoni. Tukamkalisha, tukamfunga kwa kitenge kwenye ule mgongo wa kigodoro kama mtoto mkubwa. Mimi nikatembea ubavuni nimeshika bega la papa. Célestin hakupanda, alisukuma. Tulipita katikati ya vigingi, tukayapita makaburi matatu. Kyakimwa alikuwa anaweka chumvi yake mezani. Akaacha kuweka.

Kizuizini alikuwepo askari mmoja.

"Jambo, mzee," akasema.

Célestin akainama, akaangalia gurudumu.

"Jambo, mzee. Amenuna?"

"Hasikii vizuri," nikasema. Kati ya maneno yote niliyowahi kuwaambia askari, hilo lilikuwa karibu sana na ukweli.

Akatuzunguka. Kila anayepita huacha kitu. Akaivua kofia ya papa, akaivaa yeye, akainua kamba.

Duane tuliisikia kabla ya kuiona. Magogo hayakuwepo. Hata mahali pa magogo hapakuwepo. Kingo zimekatika na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda na mti mzima, mizizi juu. Célestin alisimama miguu ndani ya maji. Nikamtazama papa. Alikuwa ameelekea kwenye maji, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyotazama mtego ambao mtu mwingine ameufunga vibaya. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Hakuna mti wa kufunga mahali pale, hakuna pirogi inayoweza. Yeye angejua. Baadaye nzi wakaja, nikasema turudi.

Kizuizini yule askari alituona tunarudi. Alimtazama papa usoni, safari hii kwa muda. Akaivua kofia, akamvalisha, akaiweka sawa. Akainua kamba.

Nilisimama ndani ya njia yangu, karibu na ubao wangu. Nikamwambia Célestin amfungue hapo. Hata sikuwa nimesema jembe, Papa Jafari akaja nalo. Nilifikiri amekuja kunyoosha mikono kama nilivyomnyooshea. Alipima udongo kwa mguu, akaanza kuchimba. Alipofika kiunoni nikamwambia, "Papa Jafari, mimi nilikukatalia." Akasema, "Nipe maji, mama."

Kyakimwa alikuja na kile kitambaa cheupe cha mezani. Akakitandika ndani.

"Muweke karibu na wangu," akasema. "Mutoto anaogopaka kulala yeye moja."

Tukamweka hapo. Kofia niliitoa kichwani dakika ya mwisho, sijui kwa nini. Sikulia. Ubao wa HAPA NI NJIA Papa Jafari aliutumia kupigia udongo uwe tambarare, kisha akaniegeshea mlangoni.

23 Novemba

Nimeshona.

24 Novemba

Nimeshona.

2 Desemba

Niliota hakuna kitu. Usiku mzima, hakuna kitu, kwa urefu.

9 Desemba

Wamekuja wote wawili, Papa Cyprien na Papa Hubert, kila mmoja na toleka yake. Mission imetoa mbao. Papa Hubert alishika mchoro, wakatembea ndani ya ukanda mpaka kwenye makaburi manne, wakasimama.

Papa Cyprien alinitazama. "Nilisema la pili lisiwepo, mama."

"Lile la mwisho ni la papa yangu," nikasema.

Akakohoa. Papa Hubert akakunja mchoro wake. Kumbe mtu wa njia ana adabu zake. Aliinamisha kichwa kwanza ndipo akaongea. Akasema makaburi hayasogezwi, na njia haiwezi kupita juu yake, kwa hiyo kuna mambo mawili tu: mbao zirudi mjini, au njia ipinde. Ikipinda kulia itavunja nyumba ya Kyakimwa. Ana watoto watano waliobaki. Ikipinda kushoto, itapita kwangu.

Kyakimwa alikuwa amesimama nyuma ya meza yake isiyo na kitambaa. Tangu nimjue, ni mara ya kwanza nilimwona amenyamaza bila hasira.

"Pitisheni kwangu," nikasema.

"Mama Bibiche, fikiri kwanza," akasema Papa Cyprien. "Kiwanja kingine kiko mbali zaidi, kule mwisho."

"Batu ya kule mwisho banafikaka mujini namna gani?"

Wakatazamana. Papa Hubert akafungua mchoro juu ya meza ya Kyakimwa, kati ya sabuni na chumvi, na kwa mara ya kwanza kalamu ya viwanja na kalamu ya njia zikachora karatasi moja. Nikawaambia wachore na njia ya toleka pembeni. Papa Hubert akauliza upana wake. Nikamwambia: mtu anayesukuma baiskeli, na mwingine anayetembea ubavuni ameshika bega la abiria. Akaandika.

16 Desemba

Nyumba imeshuka kwa nusu siku. Ilichukua miezi miwili kupanda. Papa Jafari na Célestin walibeba fito na mabati. Nimejenga nyuma, kwenye kipande kilichobaki ukingoni. Mashini inatazama barabara.

28 Desemba

Kilalo kimelala. Mbao ni za mti wa maji, niliuliza.

30 Desemba

Leo nimekwenda mjini. Célestin alikuja mapema, amefunga kile kigodoro chenye mgongo. Nikamwambia abiria hawatakipanda, kwa kuwa wanajua. Akasema wanajua, na wamegombana nani akipande kwanza, kwa sababu ndicho laini kuliko vyote. Sasa huku kwetu sheria yao imelegea, mjini bado.

Nilikaa na kofia ya papa magotini. Kizuizini alikuwepo yule yule. Aliitambua kofia kabla ya kunitambua mimi. Akainua kamba bila kuniomba kitu, akatazama pembeni. Tulipita Duane tukiwa tumepanda. Sikushuka, na miguu yangu haikujua pa kukaa.

Maporomoko yanapiga kelele vile vile. Binamu zangu walikuwa majini wanafunga miti. Wakaichukua kofia, wakasikiliza niliyowaambia, wakaifukia karibu na baba yake papa, babu yetu sote. Mmoja aliuliza kwa nini sikumleta papa mwenyewe. Nikamwambia njia ilikuwa bado. Akaona ni jibu la kutosha. Watu wa maji wanajua kungojea.

Tukarudi. Kwenye kona Célestin akapunguza mwendo. Wote wanapunguza hapo, hata wale wasiotujua, ingawa Papa Hubert hakuchora hivyo. Upande wa kulia makaburi manne. Chini ya gurudumu, mahali kilipokuwa kitanda changu. Kyakimwa aliinua mkono kutoka mezani, akaniuliza mujini chumvi iko bei gani.

Kesho nina vigodoro vya kumaliza.